Bakuli la Mzee Shalali

Jumanne saa nne asubuhi, karibu na Kom Ombo, Nagla alikuwa akifuta mikwaruzo kwenye filamu iliyopigwa mwaka 1963, siku Wanubi wa kijiji chao walipohamishwa kupisha ziwa la bwawa. Aliiandaa kwa maonyesho ya Kairo. Kompyuta iliikuza picha mara nne, na pale isipoona, ilikisia.

Bibi yake, Dahiba, aliketi nyuma akikata bamia na kukosoa.

"Huyo si mama yangu. Pua hiyo mashine imeiokota wapi?"

"Imekisia, Bibi."

"Ikakisie pua za kwao."

Mama wa kwenye picha akaipapasa pua ile, akatikisa kichwa. Nagla akamrudishia ya zamani, yenye ukungu, naye akaendelea kufunga mizigo.

Yakafuata makaburi. Kila kaburi lilikuwa na bakuli, na kila bakuli na mtu wake wa kulijaza maji kila siku. La Mzee Shalali, baba yake Dahiba, lilimeremeta maji hadi ukingoni.

Dahiba akaweka kisu chini.

"Uongo. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Honi ya meli ililia, nikakimbia. Miaka sitini sijalala vizuri, leo mashine inisingizie wema?"

Nagla akafuta makisio. Bakuli likawa kavu. Kando yake alikuwa ameketi Mzee Shalali, kanzu imekunjwa magotini.

"Shikamoo, Baba," alisema Dahiba.

"Marahaba. Umechelewa."

"Lakini Baba, juu yako kuna ziwa zima!"

"Hilo ni la serikali."

Jibu lilijitosheleza. Dahiba akamimina glasi yake ya maji kwenye kioo cha kompyuta. Bakuli likajaa, na meza ikalowa kidogo. Mzee akanywa, akajifuta ndevu.

"Na kesho?"

"Na kesho, Baba."

Nagla aliiandikia ofisi ya serikali barua kuomba Bibi arudi kuishi ufukweni mwa ziwa, karibu na kaburi. Ofisi ikajibu kwamba kijiji hicho hakimo kwenye ramani.

Siku ya maonyesho Dahiba alifika Kairo na mtungi wake. Mlinzi akamzuia mlangoni.

"Samahani, Mama. Maji hayaingii ukumbini. Yataharibu picha."

Ndani, Mzee Shalali aliwainulia wageni bakuli tupu, mara mbili kila dakika, kila filamu ilipojirudia. Wageni wakasogea karibu, wakasifu jinsi nyufa za bakuli zilivyoonekana vizuri.