Isale la Nyuma ya Jiko

Efraimu Nkya alikwenda kwenye mafungo ya wanaume akiwa na jambo moja tu kifuani, na jambo lenyewe halikuwa maombi. Alitaka jina la kaka yake lisomwe kanisani Jumapili. Basi.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, bei ya kahawa imeporomoka hadi watu wa Machame wanang'oa mibuni waliyopandiwa na babu zao ili wapate pa kuweka nyanya. Usharika uliamua kuwakumbuka askari wake waliopigana vita vya Kagera: siku tatu kwenye kituo cha usharika, wanaume watupu, kuombeana na kutiana moyo. Jumapili wake zao na wazee wangekuja ibadani, na majina ya waliokufa vitani yangesomwa mbele ya madhabahu. Yalikuwa majina manne. La Elifuraha halikuwamo.

Halikuwamo kwa sababu ya mtu mmoja. Huyo ni Ndelilio Swai, mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, na mwenyekiti wa mafungo hayo hayo. Vitani alikuwa koplo, na Elifuraha alikuwa askari wake. Vita vilipokwisha alifika uani kwa mama yao, Mama Aikande, siku ya soko, watu wamejaa, akatangaza: "Mama, mwanao alitoroka. Aliondoka na bunduki yake, akapotelea huko huko Uganda." Ikaandikwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Elifuraha hakuliliwa. Utamliliaje mtu ambaye pengine yuko hai, anakula matoke na mke wa huko? Mama Aikande akakaa miaka kumi na mitano bila kujua avae nguo za msiba au atandike kitanda cha mwanawe.

Efraimu naye alipigana vita hivyo, kwenye kikosi kingine, akarudi na goti lisilokunjika. Watu walimpa mkono, wakamsifu, halafu wakageuka pembeni na kuulizana, "Na yule kaka yake?" Maneno hayo aliyasikia kila mara, na kila mara yalimchoma.

Ijumaa jioni walikaa duara ukumbini. Ndelilio alisimama na suti yake, sauti tamu kama uji wa mzazi.

"Ndugu zangu, hapa hakuna cheo. Kila mmoja atue mzigo wake."

"Wangu ni mfupi," Efraimu akasema. "Jina la Elifuraha Nkya liingie kwenye orodha."

Mtu mmoja akakohoa. Wengine wakaangalia viatu vyao.

"Bwana Efraimu," Ndelilio akajibu taratibu, "orodha ni ya waliokufa. Si ya waliokimbia."

"Ulimwona akikimbia?"

"Nilikwisha kusema."

"Umesema, tena sana! Mimi nakuuliza ulichoona."

Mchungaji Jacob, kijana aliyetoka chuoni juzi tu, akaona mambo yanaharibika, akaanzisha wimbo. Wanaume wakaudaka haraka haraka kama watu waliookolewa. Efraimu hakuimba. Usiku ule alimchukia Ndelilio, akamchukia mchungaji, akawachukia na wote walioimba.

Kesho yake mchungaji akaja na hekima yake ya chuoni: wawili hao wamenye ndizi pamoja, labda kazi itawapatanisha. Mafungo hayakuwa na mwanamke hata mmoja, na wanaume arobaini walitaka machalari ya ndizi na nyama. Loo, ungewaona! Mzee wa kanisa mzima, mwenye duka na gari, anamenya ndizi kama anachonga mpini wa jembe, nusu ya ndizi inakwenda na ganda. Utomvu ulimganda vidoleni ukawa mweusi.

"Utawaua watu kwa njaa," Efraimu akamwambia.

"Nyumbani nina mke."

"Na mama yangu alikuwa na mwana."

Efraimu akamenya ndizi tatu nyingine, safi, halafu akasema bila kuinua macho, "Unamkumbuka Sirili wa Kibosho? Yule Mkatoliki mliyekuwa naye kikosi kimoja?"

Kisu cha Ndelilio kikasimama.

"Nilikutana naye mwezi uliopita mjini, anauza mitumba. Anasema siku ile ulitoka kwenye matete peke yako, umebeba bunduki mbili."

"Sirili ni mlevi."

"Hata mlevi anaweza kuhesabu mpaka mbili. Elifuraha aliondoka na bunduki yake, si ndivyo ulivyomwambia mama? Sasa ile ya pili ilikuwa ya nani? Uliitupa wapi?"

"Chunga mdomo wako, Efraimu. Unaongea na mzee wa kanisa."

"Thubutu! Naongea na koplo."

Ndelilio alitupa kisu kwenye beseni akaondoka, akiacha mkungu mzima haujamenywa. Efraimu akaumaliza mwenyewe. Hakula machalari yale.

Jumapili alfajiri Efraimu alikuwa nyuma ya jiko ananawa uso kwenye ndoo alipoona viatu vinang'aa kwenye umande. Akainua macho. Ndelilio alisimama mbele yake, na kwenye mikono yake miwili alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Mchagga yeyote anajua isale. Tunalipanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, na kwenye makaburi ya wazee. Lakini mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, huyo ameshakiri kosa, na wewe huna ruhusa ya kumkataa. Ukikataa, laana inakugeukia wewe na watoto wako. Biblia tunazo, ndiyo, na katekisimu tumekariri, lakini Mlutheri wa Machame wa kukataa isale bado hajazaliwa.

"Sema kwanza ni la nini," Efraimu akasema.

Ndelilio akasema, macho yakiwa chini. "Alipigwa risasi ya paja. Nilimburuta mpaka kwenye matete, nikamwambia nakwenda kuita watu wambebe. Sikuita. Walikuwa wanapiga, Efraimu, nikaogopa. Ningesemaje kwamba nimemwacha majeruhi?"

"Alikuwa hai ulipomwacha?"

"Alikuwa ananiita."

"Anakuitaje?"

"Kaka," Ndelilio akasema. "Alikuwa ananiita kaka."

Hasira ilimpanda Efraimu mpaka masikio yakaziba. Alitamani amshike kichwa yule mtu amzamishe kwenye ile ndoo mpaka mapovu yaishe. Badala yake mikono yake, iliyolelewa Machame kabla haijapelekwa jeshini, ikanyooka ikapokea jani. Aliichukia mikono yake.

Ndelilio akashusha pumzi ndefu. "Mungu akubariki. Basi yamekwisha, hatuyarudii tena." Akajifuta jasho, akampiga Efraimu begani. "Na ile orodha tuiache ilivyo tu. Tusiwachanganye wazee siku kama ya leo."

Akaenda zake kujiandaa kwa ibada, mwepesi, kama mtu aliyelipa nauli.

Ala! Kumbe ndiyo ilikuwa shabaha. Hakuja kutubu, alikuja kumfunga mdomo, na kamba aliyotumia ni mila ya baba zao. Efraimu alisimama na jani mkononi mpaka kengele ya kwanza ikalia. Kisha akalitia kwenye mfuko wa koti, polepole, fundo lisije likafunguka.

Kanisa lilijaa. Mama Aikande alikaa benchi la pili upande wa wanawake, kitenge kimepauka, mikono mapajani. Ndelilio akasimama kwenye meza ya kusomea, akayasoma majina manne, na kwa kila jina familia ikainama. Vidole vilivyoshika karatasi bado vilikuwa na weusi wa utomvu.

"Tusimame kimya," akasema.

Efraimu alikuwa ameshasimama. Akatoka kwenye benchi lake na kuvuka njia ya katikati, akiuburuza mguu, akaingia upande wa wanawake ambako mwanamume haingii. Akatoa isale mfukoni, akainama, akaliweka mapajani mwa mama yake kwa mikono miwili.

"Mama, isale hili limekosea njia. Nililetewa mimi asubuhi, nami nimesamehe lililo langu. Lakini aliyekosewa ni wewe."

Mnong'ono ukapita kanisani kutoka benchi la mbele hadi mlangoni. Hapakuwa na mtu mle ndani wa kuelezwa isale ni nini. Jani lile halitembei pasipo kosa.

Mama Aikande akalipapasa fundo. "Limetoka kwa nani?"

Efraimu hakujibu. Alikuwa ameshasamehe, na aliyesamehe hataji. Aligeuza tu macho yake kwenye meza ya kusomea, na mama akayafuata, na kanisa zima likamfuata mama.

"Mama yangu," Ndelilio akaanza, akitaka kushuka, "naomba tuongee pemb..."

"Kaa hapo hapo!" Mama Aikande akasimama. "Mwanangu alikufa?"

"Alikufa, mama."

"Alitoroka?"

"Hapana, mama. Niliyetoroka ni mimi."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kupiga kilio. Mama Aikande akainua mkono kumzuia.

"Bado. Soma kwanza jina lake, kama ulivyosoma ya hao wengine."

Ndelilio akaitazama karatasi ambayo jina halikuwamo. "Elifuraha Nkya," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia."

"Elifuraha Nkya."

"Siku ile uani kwangu ulisema mpaka ng'ambo ya mto walisikia. Nataka sauti ile."

Ndelilio akaishika meza kwa mikono yote miwili, akapaza sauti, na jina likafika mpaka nje, chini ya miti, kwa watu waliokosa nafasi.

"Isale nimelipokea, kwa kuwa halikataliwi," Mama Aikande akasema. "Lakini ukinikuta njiani, usinisalimie."

Halafu akafungua kilemba chake na kuanza kumlilia mwanawe. Wanawake wote wakampokea. Kabla ya saa nane mchana majirani walikuwa wameshaanza kuingia uani kwake, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na maziwa, mwingine na kuni, kama inavyofanyika nyumba ikipata msiba.