Dawa ya Goti Zima

Saa tatu kasoro robo asubuhi, pikapu iligoma. Binti alizungusha ufunguo, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, basi. Stata, mota ya kuamshia injini, haikutoa hata mlio. Akazungusha tena, mara ya tatu, mara ya nne, kisha akaupiga usukani ngumi na kumtazama baba yake, aliyeketi kushoto kwake amefungwa mkanda, na shati lililopigwa pasi kwa ajili ya safari.

Saa nne walitakiwa wawe hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Walishakosa kufika mara mbili, zote kwa sababu ya gari hili, na mtaalamu hakumung'unya maneno: wakikosa mara ya tatu jina linafutwa, nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Bila mazoezi, upande wa kulia wa baba, uliolala tangu kiharusi kimwangushe wiki saba zilizopita, ungebaki umelala. Teksi zilikuwa hazikanyagi mtaa wao, ulivyo na mashimo. Na mtu mwenyewe anayeshindwa kusafiri ni fundi wa umeme wa magari, aliyewasha magari ya mji mzima kwa miaka arobaini! Kuna mambo yanachekesha mpaka yanaudhi.

Pikapu ilimzidi binti umri. Baba aliinunua ikiwa hoi, akaifufua waya kwa waya, na hakutaka mtu mwingine aiguse wala aiendeshe. Sasa alikuwa hasemi. Mdomo ulikwenda upande, sauti iliyotoka ilikuwa "aaa" tu, na mkono wa kushoto ndio pekee uliomtii. Kazi ya mkono huo, tangu arudishwe nyumbani, ilikuwa kulipiga goti lake la kushoto, lile zima. Pa, pa, pa. Shangazi akaamua kwamba goti linauma kwa kubeba kazi ya miguu miwili. Akanunua kopo la dawa ya kuchua, wakawa wanampaka kila jioni mpaka macho yanawatoka machozi kwa harufu. Baba aliusukuma mkono wao, akakunja uso, akalipiga goti tena. "Kaka yangu kawa mkorofi kama mtoto," alisema shangazi, na kuongeza dawa.

Juzi, wakibadilisha shuka, shangazi alisema palepale kitandani, "Mwanangu, tusijidanganye. Huyu ameshaondoka, hapa umebaki mwili." Na binti, aliyekuwa hajalala vizuri tangu mwezi uliopita, akajibu kwamba afadhali angekufa siku ileile alipoanguka. Alilisema huku akikunja shuka chafu, kama mtu anayezungumzia mvua.

Sasa akampigia simu Twiga, fundi aliyefunzwa kazi na baba yake, akaiweka simu juu ya dashibodi na kuongeza sauti. Twiga ni jina la utani, kwa urefu wake. Ndani ya pikapu ile hukaa amejikunja, magoti yamebanwa chini ya dashibodi. Mara zote mbili alizoitwa, gari lilimwakia papo hapo. Lakini leo alikuwa kazini mji mwingine.

"Taa za mbele zinawaka vizuri, dada?"

"Zinawaka."

"Shuka utikise vichwa vya betri."

Akashuka, akavitikisa. "Vimekaza!"

"Basi chukua spana uigonge stata. Taratibu, usiiue."

Akalala chini ya gari na gauni lake safi, akaigonga, akarudi kwenye usukani. Kimya. Fyuzi nzima. Waya wa bodi, ule unaofunga betri kwenye chuma cha gari, umekaza. Upande wa pili wa simu Twiga alishusha pumzi.

"Hili gari linanitoa kamasi. Magari yote yanagoma kwa mvua, hili linagoma kwa jua!"

Ndivyo ilivyokuwa. Siku za mvua, binti akiwa na mabuti yake mazito yenye soli nene, pikapu iliwaka bila maneno. Leo jua lilikuwa kali naye alivaa ndala. Viatu hakuna aliyevifikiria.

Saa tatu na robo. Baba akaanza. Pa, pa, pa, kwenye goti lake. Kisha akajivuta, akaunyoosha mkono na kumpiga binti goti la kushoto, kwa nguvu, mara mbili.

"Baba, niache!" Hakuwahi kumpigia baba yake kelele maishani. "Niache! Nimechoka! Sijui unataka nini!"

Mzee akajisukuma tena. Mkanda ukalegea begani, akamwangukia binti mapajani, kichwa chini ya usukani. Binti alijua ni kiharusi cha pili. Akamshika mabega amwinue, akakuta mabega yamekaza, yanakataa. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya dashibodi, unapapasa, karibu na goti la binti. Ukatulia.

"Aaa," alisema baba. "Aaa!"

Binti alizungusha ufunguo, bila kujua kwa nini. Injini ikanguruma.

"Limewaka?" Twiga alipiga kelele kwenye simu. "Umegusa nini?"

Binti akapapasa pale ulipokuwa mkono wa baba. Kidole kikakutana na kitufe kidogo, kimefichwa nyuma ya plastiki. "Kuna kitufe hapa. Usawa wa goti."

Twiga akacheka mpaka sauti ikakatika. "Swichi ya wezi! Mzee kaificha, hata mimi hakuniambia! Usipoibonyeza stata haipati moto wa betri. Na mimi na haya magoti yangu naibonyeza kila nikikaa!" Na mabuti ya mvua, kwa soli zake nene, yalikuwa yanainua goti la binti mpaka pale.

Shangazi alitoka nyumbani mbio, amesikia kelele, kopo la dawa mkononi. Binti hakumwona. Alimwinua baba yake, akamwegemeza kwenye kiti, akamfunga mkanda upya. Tangu arudishwe nyumbani alikuwa anawaelekeza. Wiki saba alikuwa humo ndani ya mwili, mzima, anasikia kila kitu.

"Baba," alisema. "Juzi. Tulipokuwa tunabadilisha shuka. Ulinisikia?"

Baba alimtazama. Jicho moja lilijaa machozi, likayamwaga kwenye shavu lisilosogea. Akateremsha kichwa, mara moja, akakiinua.

Binti akaangua kilio, kichwa juu ya usukani. Mkono wa kushoto ukaja tena, ukatua juu ya goti lake, mahali palepale ulipompiga, ukabaki hapo. Kisha ukainuka na kuonyesha saa ya dashibodi. Saa tatu na dakika ishirini na mbili. Akajifuta macho kwa gauni lenye vumbi, akaingiza gia.