Tundu la Jogoo wa Goodson

Nchelenge nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, iliniita Tata Dikshonari, yaani Baba Kamusi, na jina langu la Kapembwa likasahaulika. Nami mjinga nikavimba kichwa. Miaka minne ya shule ya misheni, basi barua zote za kutoka migodini zilipita mikononi mwangu. Neno moja la Kiingereza niliweza kulitolea maana tatu, na watu wakabaki midomo wazi.

Jumatano moja ya mwaka 1955 Olipa alileta barua ya Kiingereza. Ni muuza samaki, aliolewa hapa kutoka Kilwa, si ile ya pwani, hii ya ng'ambo ya ziwa. Mwanawe wa pekee, Goodson, alifanya kazi mgodini. Nikaanza kuisoma kwa sauti na mbwembwe zangu: Goodson, keji, Jumatatu. Macho yakautangulia ulimi, nikaikunja barua. Goodson alikuwa amekufa katika ajali ya keji. Atazikwa Jumamosi, ndugu waje.

Kwetu mama haambiwi msiba na mtu yeyote tu. Humwambia banungwe, watani wa ukoo wake, na mtani wa Olipa, Mpundu, alikuwa kijiji cha Puta akivua samaki. Olipa akauliza keji ni nini. Nilijua vizuri kwamba mgodini ni kile chumba cha chuma kinachoshusha watu shimoni. Nikamwambia ni tundu la kuku, mwanawe ameanza kufuga. Nilijidai nalinda mila. Mila gani? Niliogopa kilio chake.

Ningeweza kumtuma mtu Puta siku ile ile, sikumtuma. Alhamisi lori la samaki likaondoka kwenda upande wa migodi, Olipa hakuwamo. Alikuwa uani akisuka tundu la matete, jogoo kafungwa mguu kando yake, zawadi ya Goodson. Nilipita, nikamsalimu, nikaenda zangu.

Mpundu alirudi Jumapili. Nilimfuata hadi mlangoni kwa Olipa, akautamka msiba. Olipa hakulia. Aliniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Tata Kapembwa, ile keji ya kushusha batu mu shimo niliijua. Goodson mwenyewe aliniambiaka. Lakini weye njo mwenye kujua Kizungu. Nikakuamini weye."

Kisha akauliza mwanawe anazikwa lini, kama lori la Jumatatu litamfikisha mazishini.

Safari hii nilisema kweli. Nilisema alizikwa jana.