Askari wa Masii Katika Hekalu la Busan

Jumamosi ya pili ya Mei 2003, Mwelu, mwalimu wa hesabu kutoka Masii, alipanga foleni na walimu aliokuja nao kwa kozi katika hekalu la kale mjini Busan, Korea. Lilijengwa kuwakumbuka waliokufa wakiutetea mji, karne nyingi nyuma. Ndani mlikuwa na vibao vya mbao, kila kibao na jina lake. Zamu yake ilipofika aliwasha udi, akainama, na alipoinuka akamwona babu yake ameketi kando ya vibao.

Alimjua kwa picha moja aliyoitunza mama yake. Kioko alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na miwili, kaptura ya jeshi, miguu mitupu, nguo zikichuruzika maji. Mama mmoja mtumishi wa hekalu alikuwa akipangusa sakafu kumzunguka.

"Wĩ mũseo?" Kioko alimsalimia kwa Kikamba.

"Nĩ mũseo, babu. Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Mto ulinichukua kule Burma, kwenye vita vya Waingereza. Kila penye kumbukumbu ya askari nilibisha, wakatafuta jina langu kwenye orodha, wakalikosa. Hawa waliniuliza tu kama nimekula." Akakamua maji kwenye pindo la kaptura. "Nilimwacha mke wangu na mimba."

"Alizaa msichana, Kalunde. Ndiye mama yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini."

"Amenipita," alisema Kioko. Kisha akamtajia namba yake ya jeshi, akamwomba aipeleke Machakos. Akiandikwa kule, alisema, ataweza kurudi nyumbani.

Mwelu aliporudi Masii na kumsimulia mama yake, Kalunde aliuliza jambo moja tu: huko kuna baridi? Mwelu akamwambia theluji huanguka. Jumatatu wakaenda mjini Machakos, katika ofisi iliyotunza majina ya askari wa zamani. Karani Maundu aliipata faili bila shida.

"Hapa wameandika alitoroka jeshini, Oktoba 1944," alisema. "Mtoro haandikwi kwenye jiwe la kumbukumbu."

"Hakutoroka, alizama," alisema Kalunde. "Amemwambia huyu binti yangu kwa mdomo wake."

"Nawaamini, mama. Mwezi huu mmekuwa wa tatu kuniletea habari kama hizi. Lakini kubadilisha, lazima yeye mwenyewe afike atie sahihi."

"Na hawezi kufika mpaka aandikwe."

"Ndiyo hivyo," alisema Maundu, akairudisha faili kabatini.

Kalunde alinunua blanketi na jozi ya akala, viatu vya tairi, sokoni Masii, akavituma kwa posta. Miezi miwili baadaye yule mama wa hekalu aliandika kwamba viatu vimemtosha, na kwamba askari anauliza kama ameshaandikwa.

"Mwambie bado kidogo," Kalunde alimwagiza Mwelu.

Barua ile ilikuja kila mwaka na swali lilelile, na kila mwaka Kalunde alienda kwanza ofisini, akaambiwa yaleyale, ndipo akaagiza jibu lilelile na kulitia sahihi yake. Karani alibadilishwa mara mbili. Faili haikubadilishwa.

Kalunde alizikwa Februari 2008. Mwezi wa Julai barua ilipofika, Mwelu aliisoma akiwa amesimama jikoni. Akachukua karatasi, akaandika kwamba bado kidogo, na chini akatia sahihi ya mama yake.