Mayai ya Mama Héritier Hayatikiswi

Katika soko la Mulongwe mnunuzi wa mayai ana haki moja ambayo hakuna muuzaji awezaye kumnyima: huliinua yai hadi sikioni na kulitikisa. Likinyamaza, hulilipia. Likichezacheza ndani, basi joto limekwisha kulizeesha, na mnunuzi hulirudisha bila hata kuaga. Wauzaji wote hutikisiwa. Wote, isipokuwa Domitille wa Kilibula, Mama Héritier.

Heshima hiyo hakuna aliyeitangaza. Ilijijenga yenyewe, kwa kuwa mayai yake yalitoka kwa kuku aliowajua mmoja mmoja kwa tabia zao, yakafika sokoni yamelala juu ya pumba za mpunga, mengine yangali na vuguvugu. Watu walichagua kwa macho, wakalipa, wakaenda zao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Domitille hakuwahi kupaza sauti kumwita mteja. Alikaa kwenye kigoda chake mgongo umenyooka kama mke wa mwami, chifu wa jadi. Na kwa nini asijivune? Alianza na jike moja tu, la shingo tupu isiyo na manyoya, alilopewa na wifi yake wa Lemera, na ukoo wote uliojaa uani kwake ulitoka chini ya mbawa za jike hilo.

Ila majivuno nayo ni kama kuku: usipoyachunga, huenda kutaga kwa jirani.

Wafugaji wengine, kuku anapoatamia, huyachora mayai yake alama ya mkaa. Kuku wengine wakija kutaga katika kiota hichohicho, yale yasiyo na alama hujulikana kuwa ni mapya, yakaondolewa kwenda kuuzwa. Domitille aliidharau kazi hiyo. "Minye niko na macho," alikuwa akisema. "Makaa iko ya kupikia."

Asubuhi moja mvua iliamka na watu, jiko likawa na giza. Kuku mweusi aliyekuwa akiatamia kwenye beseni bovu alikuwa ametoka kunywa maji, na wenzake walikuwa wamepita humo kutaga. Domitille, amechelewa, aliingiza mkono, akatoa mayai aliyoyaona kuwa mapya, akayaweka juu ya mengine kikapuni na kushika njia.

Sokoni alimkuta Amandine akimngoja. Huyu alikuwa mteja wake mkubwa, binti anayekaanga omeleti kwa madereva pale kwenye parking. Juma lililotangulia Domitille alikuwa msibani, Amandine akanunua kwingine, na yai moja bovu likamwaibisha mbele ya dereva aliyekwisha kufungua kinywa. Tangu siku hiyo alikuwa haamini yai la mtu yeyote. Aliinama, akachukua la juu kabisa, akalipeleka sikioni.

Concilie, jirani wa Domitille mwenye trei za mayai ya kuku wa kizungu, aliacha alichokuwa akifanya. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, waligeuza shingo.

"Amandine," Domitille alisema polepole. "Weye unatikisa mayayi yangu?"

"Unisamehe, mama. Juzi yayi iliniletea haya. Sasa natikisaka ya bote."

Moyo wa Domitille uliwaka. Afadhali angepigwa kofi.

"Basi tikisa!" alifoka, sauti ikafika mtoni. "Tikisa yote, batu bote baone! Ukipata moja ya mubaya, minye sitauzisha tena mayayi mu hii soko!"

Amandine alilitikisa. Halikuchezacheza. Lakini hakulishusha, bali aliligandisha sikioni, macho yakamtoka, kisha akalisogeza taratibu kwenye sikio la Concilie.

Ndani ya yai mtu alikuwa akisema piyo, piyo.

Soko lilipasuka kwa kicheko. Concilie alishika kiuno. "Mama Héritier, ile haiko yayi, iko mutoto! Ulishaapa, aga soko!"

"Haiko mubaya," Amandine alimtetea, akifuta machozi ya kucheka. "Iko na uzima kuliko sisi bote."

Mlango wa kujitoa aibuni ulikuwa umefunguliwa, na Domitille aliuona. Angecheka nao, mambo yangeisha. Lakini aliposhika yai lile na kulisikia likigonga kiganja, aliona aibu ya kweli, si mbele ya watu, bali mbele ya kuku wake.

"Hapana," alisema. "Yayi ya kula haina mutoto ndani. Kosa iko yangu, na neno nilisema." Akalitia yai kifuani, ndani ya kitenge. "Concilie, nipe maji yako."

Aliyatumbukiza yote yaliyobaki kwenye ndoo ya Concilie, mbele ya kila mwenye macho. Yote yalizama, yakalala chini, kama yalalavyo mayai mapya. Hakuna aliyecheka tena. Domitille aliyapanga kikapuni, akajitwika, akarudi Kilibula bila kuuza hata moja, mgongo umenyooka vilevile.

Yai alilirudisha chini ya kuku mweusi. Kesho yake kifaranga alitoka pamoja na ndugu zake, na alipokauka, shingo yake ilikuwa tupu, kama ya bibi yake wa Lemera. Domitille alifurahi hata akaimba. Kisha akaokota kipande cha mkaa na kwenda kwenye kiota kilichofuata.

Siku za soko zilipita, kigoda kikabaki kitupu. Hatimaye Amandine alikuja mpaka nyumbani.

"Mama, bote baliona maji. Concilie mwenyewe anasema urudi, ule mutoto haikuwa yayi mubaya. Madereva banachoka kuniuliza."

Domitille alimwonyesha mayai ya kiotani, kila moja na alama yake nyeusi. Kisha akamkamata kifaranga wa shingo tupu. "Huyu ni weye ulimusikia wa kwanza. Akikomaa, iko wako." Na siku ya soko iliyofuata alirudi kwenye kigoda chake, na hakuna aliyethubutu kuinua yai lake sikioni.

Kifaranga yule alikomaa akawa jike, akahamia kwa Amandine, akatotoa, na watoto wake wakataga kuliko madereva walivyoweza kula. Asubuhi moja Amandine alileta sokoni kikapu kilichojaa.

"Mama Héritier, uniuzishie. Kwako batu habatikisake."

Domitille aliyatazama mayai ya ukoo wake, manene, safi, kifua kikamjaa. Kisha akachukua la kwanza, akaliinua hadi sikioni, akalitikisa.

"Mama!" Amandine alishangaa. "Weye unatikisa mayayi yangu?"

"Natikisaka ya bote," Domitille alisema, akachukua la pili.