Geuza Mdomo Mara Moja

Niseme kwanza kwamba mimi si mjinga. Suti nakata kwa jicho. Mtu akiingia kibandani kwangu nikamtazama bega na kiuno, basi, kanda ya kupimia naishika kwa heshima tu. Lakini nipe (½)ˣ > 8 uone jasho linavyonitoka.

Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi nilishaufeli mara mbili, na mara zote walioniangusha ni hao hao, maswali ya vipeo yenye alama ya kubwa-kuliko na ndogo-kuliko. Safari hii ilikuwa ya mwisho. Chuo hakipokei mtu aliyevuka miaka thelathini na mitano, nami mwezi ujao navuka. Nikianguka tena, uuguzi nitausikia kwa wenzangu.

Aliyenifundisha ni binti yangu. Niliacha shule kwa sababu ya mimba yake, na shangazi yake, mwanamke asiye na breki, akaenda kumwambia. Tangu siku hiyo mtoto hakutulia. "Mimi ndiye niliyekutoa darasani, mama," akasema, "na mimi ndiye nitakayekurudisha." Nilimfokea. Nilimwambia aache upuuzi, mtoto hana kosa. Nilipomaliza kufoka nikaingia chooni nikalia. Kesho yake akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaandika hesabu juu ya meza ya kukatia.

"Hii alama ni mdomo," akaniambia. "Mdomo unakula kikubwa. Sasa, namba ya chini ikiwa sehemu, kama nusu, geuza mdomo. Unajua kwa nini? Kunja kitambaa."

Nikakunja.

"Kunja tena. Kinakua au kinapungua?"

"Kinapungua, mwalimu."

"Basi ndiyo hivyo. Nusu, kipeo chake kikipanda, jibu linashuka."

Siku nyingine akaniletea njia ya pili: ile nusu uiandike kuwa mbili yenye kipeo hasi, halafu mwishoni, ukigawa kwa hasi, geuza mdomo. "Ni milango miwili ya nyumba moja, mama. Ukipita huu, usipite na ule. Mdomo unageuzwa mara moja tu." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku natunga uzi kwenye sindano. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya mtihani, binti mmoja kwenye dawati la jirani alisimama kwa adabu nilipoingia. Alidhani mimi ndiye msimamizi. Nikamwambia, "Kaa, mwenzangu, tuangamie pamoja." Akacheka, mimi sikucheka.

Vipeo vilikuja, tena ukurasa mzima. Karibuni, nikasema moyoni, leo mtanitambua. Nikaandika nusu kuwa mbili yenye kipeo hasi, nane nikaifanya mbili yenye kipeo cha tatu. Ikabaki −x > 3. Namba ya chini si ilikuwa nusu? Geuza mdomo: −x < 3. Kisha nikagawa kwa hasi. Geuza mdomo: x > −3. Na jibu hilo lilikuwepo, herufi C, limekaa linanisubiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ninaposhona ule mshono wa kuficha nyuzi: washona, wageuza, washona tena, wageuza tena. Fundi asiyegeuza mara ya pili, nyuzi zinabaki nje, na mteja anarudi na matusi. Nikafanya hivyo ukurasa mzima, penseli inateleza raha mustarehe.

Nikamaliza mapema. Mimi! Nikakumbuka neno la binti yangu: muda ukibaki, chukua sifuri, iweke mahali pa x, uone kama inakubali. Sifuri ni kubwa kuliko hasi tatu, kwa hiyo kwa jibu langu ilipaswa kukubali. Nusu yenye kipeo sifuri ni moja. Moja kubwa kuliko nane? Tangu lini?

Nikarudia. Ikaja moja. Nikarudia tena, naiomba ile moja iwe kitu kingine, ikakataa. Nikazifuata hatua zangu kwa kidole, nikaona mdomo umegeuka, kisha umegeuka tena, umerudi ulikotoka. Mungu wangu! Na yote nimeyafanya hivyo hivyo. Bila ukurasa ule hakuna kupita, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

Nikashika kifutio. La kwanza nikalifuta, nikaweka D. La pili nikalifuta, nikalirekebisha, karatasi inajikunja, machozi yananidondokea kwenye viduara vya majibu.

"Penseli chini," msimamizi akasema.

Nikafuta la tatu.

"Mama, penseli chini."

"Baba yangu, nipe nafasi kidogo tu. Majibu ninayajua. Haki ya Mungu, ninayajua!"

"Kila mtu anayajua muda ukiisha," akasema, wala si kwa ubaya, akaivuta karatasi polepole kutoka chini ya kiganja changu. La tatu halikuwa na jibu. Mengine yote chini yake yalibaki vile vile, yamekolezwa vizuri, safi, na yote makosa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Binti yangu alikuwa langoni, amesimama juani na chupa ya maji.

"Mama! Vipeo vilikuja?"

"Vilikuja."

"Mdomo je? Ulikumbuka kugeuza?"

Nikamtazama. Ningemwambia kweli, angekesha anatafuta alipokosea yeye. Namjua. Angesema laiti angenifundisha njia moja tu, na hilo angelibeba juu ya lile la kwanza.

"Niligeuza," nikasema. "Hakuna nilipoacha kugeuza."

Akaruka, akanikumbatia mpaka maji yakanimwagikia mgongoni. Akamwambia mlinzi wa lango, mtu tusiyemjua hata kidogo, "Huyu ni mama yangu, anakwenda kuwa muuguzi!" Mlinzi akanipa hongera, nami nikaipokea. Halafu mtoto akanisogelea sikioni.

"Nimekurudisha, mama?"

"Umenirudisha, mwanangu," nikasema, nikainua chupa ninywe yaliyobaki, asinione uso.