Pesti ya Najib

Kompyuta ya Jeannine ilinyamaza, na ukimya huo ndio uliomkosesha mumewe, Cyriaque, raha. Tangu Pasaka feni yake ilikuwa ikinguruma, na mara kwa mara kompyuta ilizimika yenyewe katikati ya masomo yake ya uuguzi. Jeannine alimwomba mumewe aiangalie, kwa kuwa alikuwa fundi wa kompyuta Goma miaka tisa kabla ya kuja kufunga maboksi ghalani huku Birmingham. Kila wiki alijibu, "Jumamosi."

"Nani ameitengeneza?" aliuliza.

"Najib, wa kazini. Alisema pesti ya kupoza prosesa ilikauka, akapaka mpya wakati wa chai." Jeannine alicheka kidogo. "Nilishika tochi tu."

Hilo la tochi lilimchoma. Pale Goma, Jeannine alikuwa mteja aliyemshikia tochi, na ndivyo walivyojuana.

Jumamosi mkewe alipokwenda mazoezi ya kwaya, Cyriaque alifungua skrubu zote na kukagua. Alitamani kukuta vumbi, au pesti imefurika, au skrubu imepotea. Hakukuta kosa. Ile dawa ya kijivu ilikuwa imetandazwa nyembamba na sawasawa juu ya prosesa, kama ambavyo yeye mwenyewe angeipaka. Akachukua kitambaa na spiriti, akaifuta yote mpaka chuma kikang'aa.

Kisha akatafuta tyubu yake ya pesti kwenye droo. Ilikuwa imekauka kama jiwe. Akateremka hadi kwa mtengeneza simu pale Northfield, naye hakuwa nayo. Akaifunga kompyuta hivyohivyo, akiwaza kuagiza ya kuletwa Jumatatu.

Jeannine alirudi, akaketi kuandika kazi ya kukabidhi Jumapili. Hazikupita dakika kumi, kompyuta ikazimika. Akachukua simu.

"Usimpigie," Cyriaque alisema. "Ni mimi. Nilifuta pesti yake."

"Ukaweka nini?"

"Sikuweka kitu."

Jeannine alimwita kwa jina la mtoto wao. "Sababu gani, Papa Lionel?"

"Alifanya vizuri," Cyriaque alijibu.

Jeannine akapiga hata hivyo, halafu akamnyooshea simu. "Mwombe wewe mwenyewe."

Najib alikulia Mombasa na Kiswahili chake kilikuwa laini. Alisema tyubu anayo, aje tu. Cyriaque alipanda basi hadi kwake Acocks Green akiomba moyoni amkute mtu mnene mwenye kipara. Aliyefungua mlango alikuwa mrefu, ndevu zimechongwa vizuri.

"Shemeji, nije nikusaidie?"

"Hapana. Mimi pia ni fundi."

"Najua. Jeannine hutuambia kila siku."

Njiani kurudi aliligeuzageuza neno hilo. Lilimfurahisha, kisha akajiuliza hiyo kila siku ni siku ngapi, na wanakaa wapi wakiongea.

Nyumbani alipaka tone moja, akarudisha skrubu. Jeannine alimshikia tochi. Kompyuta ikawaka, ikatulia.

"Asante," alisema, akaenda nayo chumbani.

Cyriaque alibaki jikoni akisugua vidole kwa sabuni ya vyombo. Alisikia mkewe akiandika, kisha akimpigia Najib kumwambia imepona. Akafunga bomba ili asikie vizuri. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na mwishoni Jeannine alicheka.